Kipimo Kilivyohamia Nyumbani

Nilipoanza kazi ya maabara, kupima sukari kulikuwa kupika. Unamimina mililita 5 za dawa ya Benedict kwenye mrija wa kioo, ile dawa ya buluu iliyochukua jina la mkemia wa Marekani, Stanley Benedict. Unadondoshea matone manane ya mkojo, unachemsha kama dakika tano, kisha unasoma rangi. Ikibaki buluu, sukari hakuna. Kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Ikifika rangi ya chungwa na kuishia nyekundu ya tofali, unaandika alama nne za kujumlisha kwenye fomu, na kama una akili hungoji fomu itembee yenyewe. Unatoka kumtafuta daktari. Harufu ya kazi ile tulirudi nayo nyumbani kwenye mashati.

Kasoro ya kipimo kile ilikuwa kuchelewa. Figo hurudisha sukari kwenye damu mpaka zinapozidiwa, kwenye milimoli 10 hivi kwa lita, ndipo inapoanza kumwagikia kwenye mkojo. Kwa hiyo mwenye 5 asubuhi kabla ya kula, ambaye ni mzima, na mwenye 9 saa hiyo hiyo, ambaye tayari anaumwa, mirija yao ilikuwa buluu moja. Hata aliyeshuka mpaka 2, anatetemeka na kutokwa jasho, alikuwa buluu. Tena mkojo uliolala kibofuni tangu usiku unakupa habari za usiku, wakati mgonjwa amekaa mbele yako saa nne asubuhi.

Nimestaafu sasa, naishi Mjimwema hapa Songea, na majirani hunifuata kibarazani kana kwamba niliondoka kazini na maabara begani. Wanaleta madaftari yao ya kliniki, wanaleta mashine walizotumiwa na watoto wao walioko Dar es Salaam, wanaleta na habari za kwenye simu: kwamba Ulaya imepatikana dawa ya kuimaliza sukari, kwamba kuna mizizi mahali fulani huko Mbinga. Huniuliza, mzee, katika miaka yako yote, ni jambo gani kubwa limetokea kwenye ugonjwa huu? Hutegemea nitaje dawa. Mimi hutaja kipimo: kwamba kilitoka hospitali kikahamia nyumbani kwa mgonjwa. Daktari anamwona mtu wa sukari siku moja kwa mwezi, akibahatika. Siku zilizobaki daktari ni mgonjwa mwenyewe, na daktari asiye na kipimo anabahatisha tu.

Uhamaji huo ulianza mbali na hapa. Mwaka 1956, katika mji wa Elkhart huko Marekani, mkemia Helen Free na mumewe Alfred walitoa kijikaratasi cha kuchovya kwenye mkojo na kusoma rangi papo hapo, bila moto wala mrija. Miaka ya sitini kikafuata cha kudondoshea damu. Karibu mwaka 1970 ikaja mashine ya kusoma rangi ya kijikaratasi hicho, yenye uzito unaopita kilo moja, na ikauzwa kwa madaktari na hospitali peke yao. Hapo ndipo alipojitokeza mtu mmoja ninayempenda sana katika historia hii, Richard Bernstein wa New York. Hakuwa daktari, alikuwa mhandisi, na alikuwa na sukari tangu akiwa na miaka 12. Alipokataliwa kuuziwa mashine kwa sababu si daktari, alinunua kwa jina la mke wake, ambaye alikuwa daktari. Akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku na kurekebisha insulini na chakula kwa kufuata alichokiona. Afya yake ikarudi. Aliandika makala, majarida ya tiba yakayakataa. Akaona njia iliyobaki ni kwenda kusomea udaktari, na alikuwa amepita miaka 40. Alifariki mwaka 2025, akiwa na miaka 90, baada ya kuishi na ugonjwa ule karibu miaka themanini.

Wataalamu walichelewa kumkubali, lakini walimkubali. Mwaka 1993 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliofuatilia watu 1,441 wenye sukari ya aina ya kwanza. Kundi moja lilitibiwa kwa kawaida ya siku zile. Kundi la pili lilijipima mara nyingi kwa siku na kubadilisha dozi ya insulini kwa kufuata namba. Hatari ya kuanza kuharibika macho katika kundi la pili ilipungua kwa asilimia 76. Insulini wote walikuwa nayo. Tofauti kubwa ilikuwa kujua, na kufanya jambo baada ya kujua.

Wakati huo Tanzania tulikuwa bado tunauliza kama ugonjwa wenyewe upo. Nilifundishwa chuoni kwamba sukari ni ya watu wa mjini na wenye nafasi. Mwaka 1989 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya Donald McLarty, Mskoti aliyefundisha Muhimbili, akiwa na Andrew Swai na wenzao. Walikuwa wamewapima watu wa vijiji sita katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na wenye kisukari hawakufika hata asilimia 1. Mwaka 2012 ulipofanyika uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza, ilikuwa asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Hesabu hizi mbili hazilinganishiki moja kwa moja, maana wa kwanza walianzia miaka 15 na walikuwa wanavijiji tu. Hata ukipunguza unachotaka kupunguza, hakuna anayeweza kuniambia ni ugonjwa ule ule wa wenye nafasi. Mjimwema naona kwa macho: shamba lililokuwa la kwendea kwa miguu na jembe begani, leo linaendewa kwa bodaboda, na jioni kuna chipsi.

Mashine zilipoanza kuingia mitaani kwetu, zilikuja na vituko. Mzee mmoja, mkulima wa mahindi, alinijia mbio Jumapili moja na mashine mkononi inasema 24. Mke wake alikuwa nyuma ameshafunga nguo za kwenda kulazwa. Nikamtazama vidole: vina rangi ya embe. Nikamnawisha kwa maji na sabuni, nikamkausha vizuri, tukatoboa kidole kingine. Saba na nukta moja. Sukari ya embe iliyobaki kwenye ngozi ndiyo tuliyoipima mara ya kwanza, na mashine ilisema kweli, ila ilikuwa kweli ya embe. Spiriti haitoshi kuondoa utomvu ule. Maji na sabuni ndiyo dawa. Kingine ni baridi. Mwezi Juni na Julai, baridi ya Songea inaposhuka kutoka Matogoro, damu hukimbia vidoleni na watu hukamua kidole mpaka kinavimba. Damu iliyokamuliwa sana huchanganyika na majimaji ya mwilini na namba hupotoka. Shika kwanza kikombe cha maji ya moto, ning'iniza mkono chini, kisha toboa pembeni mwa kidole, si kwenye nyama ya katikati unayoshikia jembe na sindano ya kushonea.

Kuna kijana aliniambia mashine ya baba yake imekuwa na adabu, kila akijipima inamsalimia kwa Kiingereza: HI. Nilicheka baadaye. Wakati ule nilitafuta bajaji. Kwenye mashine nyingi herufi hizo maana yake ni kwamba sukari imepita 33, mashine imeshindwa kuhesabu. Baba yake alikuwa anakojoa usiku kucha na kukata kiu kwa soda. Alipona, na ndiye hodari wa kujipima kuliko wote mtaani sasa.

Nilichojifunza kibarazani, ambacho maabara haikunifundisha, ni kwamba namba peke yake haimfundishi mtu kitu. Mtu anakuja na daftari limejaa: 8, 11, 7, 13. Nauliza, hii 13 ilikuwa kabla ya kula au baada? Hajui. Ulikuwa umekula nini? Hakumbuki. Basi siku hizi daftari la mtu wangu lina mistari minne: saa, namba, chakula, dawa. Ukishaona 13 imekaa jirani na neno togwa mara tatu mfululizo, huhitaji mhadhara wangu.

Na togwa Songea ni suala zito. Ukimwambia mtu wa hapa aache togwa umemwambia aache misiba, harusi na mapumziko ya shambani. Kinachofanyika mtunguni ni kemia nzuri sana: kimea cha ulezi kina vimeng'enya vinavyokata wanga wa uji na kuugeuza sukari, ndiyo maana uji unalegea na kuwa mtamu bila mtu kutia hata kijiko cha sukari. Watu huapa kwamba hawajaweka sukari, na ni kweli hawajaweka. Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alikuwa na imani nyingine, kwamba ugali wa ulezi na wa dona hauna sukari kabisa, kwa hiyo alikuwa anajaza sahani. Sikubishana naye, maana hakuna anayeshinda ubishi na mwalimu. Nilimwomba ajipime kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, leo sahani yake ya kawaida, kesho nusu yake na mboga za majani nyingi, zote dona. Alipoona tofauti, yeye mwenyewe akawa mhubiri, na sasa anawasumbua wenzake kuliko nilivyowahi kumsumbua yeye. Dona ni bora kuliko sembe, hilo halina ubishi, lakini dona ni wanga, na mlima wa dona ni mlima wa wanga.

Mwaka 2011 kipimo kilinisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Ni mwaka ule ambao nchi nzima ilielekea Loliondo, kijijini Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kinatibu sukari, presha, UKIMWI na saratani. Kutoka Songea watu walikodi magari, safari ya siku nyingi. Mama mmoja wa jirani aliuza mahindi akaenda. Aliporudi aliweka vidonge vyake vyote kwenye bahasha na kuvitupa juu ya kabati. Wanawe walikuja kwangu wanataka nimgombeze. Ningemgombeza kwa hoja ipi? Yeye ana imani, na mimi nina kazi yangu. Nilimwambia, mama, kikombe umekunywa, hilo limekwisha. Tuwe tunapima kila Jumamosi, kama umepona mashine ndiyo itatoa ushuhuda. Akakubali kwa furaha. Jumamosi ya kwanza 9. Ya pili 12. Ilipofika 17 alikaa kimya muda mrefu, akaniuliza kama vidonge vilivyokaa juu ya kabati vinaharibika. Nikamwambia bado vizuri.

Sisemi hivi kwa kudharau miti. Metifomini, kidonge kinachomezwa na wagonjwa wa sukari kuliko kingine chochote, kina asili ya mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, ambao wakulima waliutumia zamani. Hata hivyo kutoka kwenye majani mpaka kwenye kidonge kulipita Jean Sterne wa Paris, aliyewapima wagonjwa wake na kuchapisha alichokiona mwaka 1957, na kulipita utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoa matokeo mwaka 1998 na kuonyesha kwamba wagonjwa wanene waliopewa metifomini walikufa wachache zaidi. Kizazi kipya cha sindano za kupunguza sukari na uzito nacho kilianzia mahali pa ajabu: daktari John Eng wa New York, mwaka 1992, aliikuta kemikali yake kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa jangwani Marekani. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza sindano hizo kwenye orodha ya dawa muhimu. Mti, mjusi, chochote: kinachotenganisha dawa na uvumi ni kwamba mtu alipima kabla, akapima baada, akahesabu waliopona na waliokufa, akaandika yote mawili.

Insulini ndiyo iliyonitesa zaidi kichwani. Historia yake kila mfanyakazi wa afya anaijua: Toronto, Januari 1922, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson anachomwa sindano iliyotengenezwa na kundi la Frederick Banting na Charles Best, ya kwanza haikufua dafu, ya pili baada ya siku kumi na mbili, ikiwa imesafishwa na James Collip, ikamwinua. Hati miliki waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili isiwe mali ya tajiri. Zaidi ya karne imepita, na nimeona kijana wa umri ule ule, kilomita zaidi ya 900 kutoka Dar es Salaam, chupa yake ya insulini inalala kwenye friji ya muuza vinywaji, katikati ya bia na maji, kwa sababu nyumbani kwao hakuna friji. Kabla umeme wa gridi haujafika Songea mwaka 2018, hata mwenye friji alikuwa anaishi kwa huruma ya majenereta. Mama yake aliogopa kwamba duka likifungwa mapema, mtoto analala bila dawa, na ilitokea.

Kwa hiyo niliposoma utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, nilitamani ungetoka miaka ishirini nyuma. Walipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, mahali ambapo joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaiga joto hilo maabara. Insulini ilikaa wiki nne bila kupoteza nguvu zake. Watafiti wengine walikuwa tayari wamepima mitungi ya udongo ya nchi mbalimbali na kuona kwamba maji yanayotoka kidogo kidogo kwenye kuta zake huipoza chupa vya kutosha. Songea yetu haina joto la Dadaab hata siku moja. Kijana yule sasa chupa anayoitumia anaiweka kwenye mtungi wa udongo, ndani ya kikopo kilichofunikwa, chumbani kwake, na kwa mwenye friji hupeleka tu zile ambazo hajazifungua. Huo kwangu ni utafiti wa hali ya juu kuliko nyingi zinazotangazwa kwa tarumbeta. Haukuleta dawa mpya. Uliileta dawa ya zamani chini ya kitanda cha mtoto.

Vijana kama yeye nao wameanza kutazamwa upya. Mwaka 2025 watafiti waliowapima vijana wa Cameroon, Uganda na Afrika Kusini walieleza kwamba karibu theluthi mbili ya walioandikwa kuwa na sukari ya aina ya kwanza hawana zile kinga zinazoshambulia kongosho, ambazo vitabu vinazitaja kama alama yake. Kwa hiyo huenda huku kwetu kuna ugonjwa ambao vitabu vya Ulaya havijauandika. Mtu asiache insulini kwa kusikia hivyo. Ila imenifurahisha kuona Afrika inapimwa kwa damu ya Waafrika.

Nihamie miguuni, kwa sababu huko ndiko ninakoona maumivu yasiyoumiza, ambayo ni mabaya kuliko yanayoumiza. Sukari ya miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya nyayo. Julai moja mzee wa ukoo wetu alikuwa anaota moto jikoni, miguu karibu na makaa, anasimulia hadithi. Mjukuu ndiye aliyesikia harufu. Kidole gumba kilikuwa kimeungua na mzee hakukatisha hata sentensi. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili, ambaye ndiye jina kubwa la Tanzania kwenye miguu ya wagonjwa wa sukari, aliandika na wenzake mwaka 2005 kuhusu wagonjwa waliong'atwa miguu na panya usiku wasijue mpaka asubuhi. Niliposoma nilimkumbuka mzee wetu. Abbas na wenzake walieneza mafunzo ya kuwafundisha wauguzi na madaktari wa mikoani kukagua mguu kabla haujawa kidonda, na kifaa chake ni uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10. Unamwambia mgonjwa afumbe macho, unagusa nyayo, anasema hapa au hasemi. Asiposema, umejua. Ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na ninacho kimoja mfukoni mwa shati. Nikikutana na mtu wa sukari amevaa kandambili Juni, naomba nione nyayo. Wengine hudhani nimezeeka vibaya.

Krismasi moja mpwa wangu anayefanya kazi Ujerumani alikuja na kitufe kimebandikwa nyuma ya mkono, ukubwa wa sarafu. Ndani yake kuna uzi mwembamba ulioingia chini ya ngozi, unapima sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, si kwenye damu yenyewe, ndiyo maana namba zake huchelewa dakika chache. Wazo la umeme na kimeng'enya linalotumika humo ni la Leland Clark wa Marekani, mwaka 1962. Vitufe vya namna hii visivyohitaji kutoboa kidole vilienea Ulaya kuanzia 2014, na kimoja hudumu siku 14. Tulikaa mezani, ameweka simu katikati yetu, mama yake amemkaribisha kikombe cha togwa. Mstari kwenye simu ulikuwa umelala. Ukaanza kunyanyuka taratibu, kisha ukasimama wima. Mama yake aliuangalia mstari, akaiangalia togwa, akasema mashine za Kizungu hazijui togwa. Mimi sikuweza kula. Miaka yote ile ya kuchemsha mkojo nilikuwa natafuta mstari huo.

Nilimwuliza gharama yake. Bima ya kule inamlipia. Nikafunga mada, maana Mjimwema watu hawajamaliza kulipia stripu, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu ya kidole. Mashine yenyewe si shida, hata msaada huja nazo. Stripu ndizo zinazokula hela: boksi mbili tatu zinapita bei ya mashine, na kuna wanaojipima mara moja kwa mwezi ili boksi lifike mbali, jambo ambalo halina tofauti kubwa na kutojipima. Kipimo cha HbA1c, kinachosoma wastani wa miezi miwili mitatu kwa kuangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, kingeweza kuziba pengo, na ni kizuri. Samuel Rahbar alipoifungua njia yake huko Tehran mwaka 1968 alitufaa wote. Ila lazima mpimaji akumbuke kwamba sisi tuna watu wengi wenye vinasaba vya selimundu, na chembe zao au za mwenye upungufu wa damu huweza kudanganya kipimo hicho. Ukiona HbA1c nzuri na daftari baya, amini daftari kwanza, kisha uliza maswali.

Kitu kingine nilichokiona kazini ni tofauti ya madirisha mawili. Mgonjwa wa VVU ana kadi, ana miadi, ana dawa bila malipo, na akikosa kuja kuna mtu atampigia simu. Wa sukari ana daftari alilonunua dukani, na akipotea hakuna anayemtafuta. Utafiti wa INTE-AFRICA uliofanywa kwenye vituo 32 vya Tanzania na Uganda, ukachapishwa mwaka 2023, uliwaweka wagonjwa wa VVU, sukari na presha kwenye kliniki moja, dirisha moja. Wa sukari na presha walibaki kwenye huduma, na wa VVU hawakupungukiwa kitu. Sioni sababu ya kuendelea kuwatenga, labda ya mafaili.

Wakati tunasubiri, hapa mtaani tumeanzisha chama chetu kidogo kisicho na katiba. Kila mwenye sukari anachangia, tunanunua stripu kwa pamoja, na tunagawana kabla muda haujaisha, maana kopo la aina nyingi likishafunguliwa lina miezi mitatu tu. Kisindano cha kutoboa hatuchangii hata kwa ndugu wa tumbo moja, homa ya ini haijui undugu. Hilo nimekuwa mkali mpaka wananiita afande. Ugomvi uliopo sasa ni wa mashine. Tuna aina tano tofauti, stripu ya moja haiingii kwenye nyingine, na mbili ni za msaada ambazo stripu zake hazipatikani Songea yote. Mwalimu anataka tuziuze hizo mbili. Baba wa yule kijana wa HI anasema za msaada haziuzwi, ni laana. Mimi nimependekeza tuzunguke maduka ya dawa mjini, tuone stripu ya aina gani haijawahi kukosekana mwaka mzima, kisha wote tuhamie mashine hiyo hata kama si nzuri sana. Jumamosi tunapiga kura, na mwalimu ameshaanza kampeni.